Baiskeli ya injini ya mtindo wa kale: tulivyoiunda Tanga, na kwa nini uanze na breki



Tangu picha ya baiskeli yangu ianze kuzunguka kwenye simu za watu, naulizwa maswali yale yale. Injini ya nini ile? Inakwenda spidi ngapi? Tenki umenunua wapi? Inaweza kufungwa kwenye Phoenix ya babu? Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza inasimamaje. Na mimi mwenyewe sikujiuliza, ndiyo maana mtulinga wangu wa kushoto umeunga kombo kidogo. Basi naandika yote hapa mara moja, ili mwenye kutaka kuunda yake asome kabla hajanunua hata nati moja. Kama uko kafe na dakika zako zinakwisha, ruka mpaka penye BREKI, uchapishe sehemu hiyo, mengine utayakuta kesho.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Ni baiskeli ya kawaida yenye pedeli, iliyofungiwa injini ndogo katikati ya fremu, halafu ikapambwa ifanane na pikipiki za mwanzo kabisa: hendo imeinama chini, siti ya ngozi, tenki jembamba limening'inia chini ya bomba la juu. Si pikipiki, na kwa kweli si baiskeli tena.

ILIPOTOKA

Watu wanaiona kama utundu wa vijana wa mtaani, lakini pikipiki nyingi za mwanzo zilianza hivi hivi. Indian, kampuni ya kule Springfield, Massachusetts, ilianzishwa mwaka 1901 na George Hendee na Oscar Hedstrom. Hendee alikuwa bingwa wa mbio za baiskeli, na chombo chao cha kwanza kilikuwa baiskeli yenye injini. Harley-Davidson nao walianza mwaka 1903 Milwaukee kwa mtindo huo huo. Ukiona picha za vile vyombo vya kwanza, pedeli bado zipo.

Marekani mwaka 1939 ikaanza kuuzwa injini iitwayo Whizzer, ya sisi 138, ambayo mtu anajifungia mwenyewe kwenye baiskeli yake. Baada ya vita Ulaya nayo ikafuata: Ufaransa VéloSoleX, yenye injini juu ya gurudumu la mbele, na Italia Cucciolo ya sisi 48 iliyokuja kutengenezwa na Ducati. Lakini hadithi ninayoipenda mimi ni ya Japani. Mwaka 1946 Soichiro Honda alipata injini ndogo za jenereta zilizokuwa zikiendesha redio za jeshi. Vita vimekwisha, usafiri taabu. Akazifunga kwenye baiskeli. Ile ya majaribio, tenki lake lilikuwa chombo cha kutilia maji ya moto, kile cha kupashia kitanda wakati wa baridi, na mkewe Sachi alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuijaribu barabarani. Kwa hiyo ukichekwa mtaani kwamba tenki lako ni bati la kuungaunga, wewe nyamaza tu.

Sasa, hii sura tunayoiiga wengi wetu, ya hendo chini na matairi membamba meupe, haikutoka kwenye baiskeli za kwenda sokoni. Ilitoka kwenye mbio za viwanja vya mbao vya Marekani. Kiwanja cha kwanza cha pikipiki cha aina hiyo kilijengwa Playa del Rey, karibu na Los Angeles, mwaka 1910: duara la mbao lililoinuka ukingoni kama bakuli. Pikipiki zile hazikuwa na breki. Hazikuwa nazo kabisa, maana kwenye duara hakuna anayekata kona wala mbuzi anayevuka. Dereva alipunguza mwendo kwa kuzimazima moto wa plagi. Tarehe 8 Septemba 1912, huko Newark, New Jersey, pikipiki moja iliruka ukingo wakafa waendeshaji wawili na watazamaji kadhaa, wengine wao vijana wadogo waliokuwa wamechungulia kutoka juu. Magazeti yakaanza kuviita viwanja vya mauaji.

Weupe wa yale matairi, nyongeza tu, haukuwa urembo. Mpira wa enzi zile ulikuwa bado hautiwi masizi yanayoufanya kuwa mweusi na kudumu zaidi.

Niliyasoma haya yote baada ya kuumia. Ningeyasoma kabla, huenda ningejua kwamba picha niliyoibandika ukutani, ile niliyompelekea fundi nikamwambia "Mzee, nataka iwe hivi hivi," ilikuwa ya chombo ambacho makusudi hakikuwekewa kitu cha kukisimamisha.

TIMU

Hii kazi haifanywi na mtu mmoja. Mimi najua kusoma maelekezo na kukopa pesa, basi. Walioifanya ni hawa: mzee mmoja fundi baiskeli wa Ngamiani, ambaye ameshika spana tangu enzi za Raleigh na Swala, jirani yetu mchomeleaji wa mageti, fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma, na dogo mmoja anayetengeneza injini za boti kule ufukweni. Kila Jumapili alasiri tulikuwa nje ya kibanda cha mzee, na siku nyingine wanaotazama walikuwa wengi kuliko wanaofanya kazi. Mzee hakupenda wazo lenyewe tangu mwanzo. Siku ya kwanza aliizunguka ile injini mezani, akaigonga kwa kidole, akaniambia, "Mwanangu, hii itakwenda. Itasimamaje?" Nikamjibu breki si zipo, Mzee. Akatikisa kichwa, akachukua spana. Hakulirudia lile swali mpaka nilipotoka hospitali.

FREMU NA INJINI

Phoenix ya wanaume, ile nyeusi ya bomba la juu lililonyooka, ni fremu nzuri sana kwa kazi hii, na haihitaji kupambwa ionekane ya kizamani kwa sababu umbo lake ni la kizamani kweli. Mabomba yake ni ya chuma, unene wa karibu milimita 28, na vibano vya injini hizi vimetengenezwa kwa unene huo. Pembe tatu ya katikati ni kubwa, injini inaingia bila kugombana na magoti. Kabla ya kufanya chochote ichubue rangi pale mabomba yanapokutana na uangalie kama kuna ufa au kutu iliyokula. Yetu ilikuwa na ufa kama unywele karibu na chini ya siti. Mzee aliuona kwa kupaka mafuta ya taa, kufuta, na kusubiri: mafuta yakachuruzika tena kutoka ndani ya ufa.

Injini ni ile ya Kichina ya stroki mbili ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaweza kukuagizia. Inakuja ndani ya boksi pamoja na tenki, kabureta, koili, cheni, sproketi, ekzosi na klachi. Inauzwa kwa jina la sisi 80, lakini fanya hesabu: silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni inatembea milimita 38, inakuja sisi 66. Ndogo yake ina kipenyo cha 40, inakuja 48. Hakuna aliyekuibia injini, wamekuibia namba tu.

Mambo ambayo karatasi ya maelekezo haisemi, au inasema kwa Kiingereza ambacho hata Mwingereza hakielewi:

Usitoboe fremu. Pengo la mbele lisipofungika, tengeneza kibano kinachokumbatia bomba. Ndani ya boksi kuna kipande kinachokutaka utoboe bomba la mbele upitishe bolti. Kitupe. Bomba likitobolewa na kutikiswa na injini kila siku, siku moja litakatika pale pale.

Bolti zinazoishika injini ni laini mno. Tafuta za chuma kigumu, weka gundi ya nati, na baada ya kila safari kumi za mwanzo pitia nati zote na spana. Mtikisiko wa injini hizi si mchezo, nati inayokazwa asubuhi jioni inazunguka kwa vidole. Kuweka mpira kati ya injini na fremu ili kupunguza mtikisiko ni kosa, maana ndiyo unaipa nafasi ya kucheza.

Waya mweupe unaotoka kwenye injini, kama hautumii taa, uufunge ncha vizuri na utepe. Ukigusa fremu injini haiwaki, na utafungua kabureta mara tano bure. Sisi tulifungua mara tatu.

Halafu kuna kiroli cha kukazia cheni, kile kinachobanwa kwenye bomba la chini la nyuma. Hiki nakichukia. Kikilegea kinazunguka na kuingia kwenye spoku, na gurudumu la nyuma linakaba ghafla ukiwa spidi. Kata cheni iwe na urefu kamili, vuta gurudumu nyuma, na kama unaweza kuishi bila kiroli, ishi bila kiroli. Kama huwezi, mchomeleaji akiweke kibano chenye mguu wa pili kisiweze kuzunguka.

SPOKU AROBAINI

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sproketi kubwa ya injini inafungwa upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, kwa kubanwa na spoku zenyewe: mpira mmoja nje, mwingine ndani, bolti 9 zinapita kati ya spoku. Tisa, kwa sababu aliyeibuni alifikiria gurudumu la spoku 36, yaani bolti moja kila spoku nne. Sasa hesabu spoku za gurudumu la nyuma la Phoenix yako. Ni 40. Mbele 32, nyuma 40, ni utaratibu wa Kiingereza wa tangu zamani. Bolti mbili au tatu zitaingia vizuri, zilizobaki zitakutana uso kwa uso na spoku.

Nimeona mtu aliyelazimisha kwa nyundo. Spoku zikapinda, gurudumu likawa linacheza ngoma, na ndani ya wiki mbili zikaanza kukatika moja moja. Sisi tulikwenda kwa fundi wa kuchonga vyuma, akapima, akatoboa matundu 10 mapya kwenye sproketi, moja kila spoku nne. Ilikaa sawasawa kabisa. Hila hiyo nawapeni bure.

SPIDI

Hesabu hii ni rahisi na inawamaliza waongo. Ndani ya injini kuna gia inayopunguza mzunguko mara 4.1. Sproketi ndogo ina meno 10, kubwa 44, hivyo inapunguza tena mara 4.4. Zidisha: 18 na ushei. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linatembea karibu mita 2.2. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, unakwenda kilomita 29 kwa saa. Ikizunguka 5,000, kilomita 37 hivi. Anayekwambia ya kwake inakimbia 80 na sproketi hiyo hiyo, mwambie akuoneshe hesabu.

Thelathini na saba inasikika ndogo. Bodaboda inakupita huku dereva anaongea na simu. Lakini subiri.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa masika ya 2022. Baiskeli ilikuwa na wiki tatu, nimeshaizoea, nimeshaanza kujiona. Nilikuwa natoka Raskazone kurudi mjini, mvua ya rasharasha imetoka kunyesha, lami inang'aa. Binti wa miaka kumi hivi, na ndoo kichwani, akaanza kuvuka. Alikuwa mbali, nilimwona vizuri kabisa. Nikakamata breki zote mbili.

Hakikutokea kitu.

Sisemi zilishika kidogo. Breki za Phoenix ni zile za fimbo za vyuma, zinavuta raba kugusa upande wa ndani wa rimu, na rimu ni chuma kilichopakwa kromu. Kavu, ukiwa unapiga pedeli kwenda msikitini, zinatosha. Zikilowa, raba inateleza juu ya kromu kama sabuni juu ya kigae, mpaka maji yafutike, na kufutika kunachukua mizunguko kadhaa ya gurudumu. Nilikuwa kwenye 35 hivi. Nikapiga kelele, binti akaganda katikati ya barabara kama wanavyofanya watoto wote, nikakata kushoto nikaingia mtaroni. Ndoo ilimwagika. Yeye hakuguswa. Alinitazama pale chini, akaokota ndoo yake, akaondoka bila kusema neno. Mimi mtulinga, wiki sita mkono shingoni.

Mpaka leo sijui ni mtoto wa nani. Nimepita pale mara nyingi, ningetaka hata kumnunulia ndoo.

BREKI

Mzee alipokuja kuniona hakunisema. Alikaa, akauliza kama nimekula, halafu ndiyo akarudi kwenye swali lake. Tukaanza hesabu, na dogo wa boti ndiye aliyeshika kalamu.

Nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza haipandi sawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi. Baiskeli ya pedeli inakwenda kama 15. Ukienda 37, spidi imeongezeka mara mbili na nusu, lakini kazi ya breki imeongezeka mara sita. Juu ya hapo ongeza uzito wa injini na mafuta. Na kabla mkono haujakamata breki, akili inachukua kama sekunde moja kuelewa kilicho mbele: kwa 15 unakuwa umetembea mita nne, kwa 37 mita kumi. Breki iliyotengenezwa kwa ajili ya miguu ya mtu unaidai kazi mara sita, tena kwenye maji. Mkono wangu haukuwa na kosa lolote siku ile.

Njia tulizozijadili ni hizi. Kubadilisha raba pekee: inasaidia ukiwa mkavu, mvua ikinyesha umerudi pale pale. Kuweka rimu za alumini na breki za kubana pembeni za waya: nafuu kubwa, alumini ikilowa inashika mara nyingi zaidi ya kromu, lakini fremu ya Phoenix haina mahali pa kuzifunga vizuri. Kuchukua foku ya baiskeli ya mlimani yenye breki ya diski: nilitaka hii sana, na ndiyo wengi mtaitaka. Tatizo ni bomba la shingo. Shingo ya Phoenix inapokea foku ya inchi 1, na baiskeli nyingi za mlimani foku zake ni inchi 1 na moja ya nane. Haiingii. Jirani yetu mchomeleaji alijitolea kukata shingo ya moja na kuichomelea kwenye nyingine. Ni rafiki yangu na kazi yake naiheshimu, geti letu kalitengeneza yeye, lakini Mzee aliweka mguu chini. Foku ikikatika ukiwa kwenye mwendo unaanguka kwa uso, huna hata nafasi ya kunyoosha mkono. Shingo ya foku haichomelewi. Mtu akikwambia atakuchomelea vizuri, mshukuru na uondoke.

Dawa ilipatikana kwenye mtumba. Kuna baiskeli za Uholanzi zinazoingia kwenye makontena, ndefu, nzito, za watu wa mjini, hazipendwi sana na vijana kwa sababu hazina gia. Nyingi zake mbele zina habu yenye breki ndani, kama ya pikipiki ndogo, na nyuma zina breki ya mguu, ile unayosukuma pedeli kinyumenyume. Zote mbili zinafanyia kazi ndani ya chuma kilichofungwa, mvua haizigusi. Foku yake ni ya inchi 1. Na gurudumu la nyuma, jamani, spoku 36! Tulinunua moja iliyovunjika fremu kwa bei ya chuma chakavu, tukachukua foku nzima pamoja na gurudumu lake la mbele, na gurudumu la nyuma.

Kazi haikuwa ya kuchomeka tu. Sproketi yetu ya kwanza, baada ya kutobolewa, ilikuwa na matundu 19 na imekuwa kama chujio la chai, ikabidi tununue nyingine. Tundu la katikati la sproketi lilipanuliwa ili lipite kwenye habu ya breki ya mguu, ambayo ni nene. Mkono wa chuma wa breki hiyo uko kushoto, upande ule ule wa cheni ya injini, kwa hiyo ulipindwa kidogo kuipisha. Ule mkono lazima ufungwe imara kwenye fremu. Ukiachia, unazunguka, breki inapotea, na chuma kinaingia kwenye spoku. Vivyo hivyo na mkono wa breki ya mbele. Hizi ni bolti mbili ambazo mimi nazikagua kila siku bila kukosa, hata kama nimechelewa.

Spoku zilizokuja nazo zilikuwa za milimita 2. Za nyuma tulizibadilisha zote tukaweka za milimita 2.6, nene kama za baiskeli za mizigo, na matundu ya habu yakapanuliwa kidogo kuzipokea. Mzee alisuka gurudumu kwa saa nne bila kunyanyuka.

Angalizo kwa wa milimani: breki ya mguu kwenye mteremko mrefu inapata moto mpaka grisi inayeyuka na kutoka. Tanga ni tambarare. Kama uko Lushoto au Mbeya, usiitegemee hiyo peke yake hata kidogo.

Siku ya kujaribu tulimwaga ndoo mbili za maji barabarani, nikapita hapo juu kwenye 30 na kukamata. Mara ya kwanza nilisimama kwa nguvu mpaka nikajigonga tumbo kwenye hendo. Tulirudia mara nane, na kila mara Mzee alikuwa akiweka jiwe pale niliposimama.

MAFUTA

Stroki mbili haina oili yake pembeni, inachanganywa na petroli. Injini mpya, lita 1 ya petroli weka mililita 60 za oili. Ukishatembea kama kilomita 500 shuka mpaka mililita 40. Tumia chupa yenye alama, usikadirie kwa kifuniko. Na oili iwe ya injini za kupoozwa kwa hewa. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuchukua oili ya mashine za boti kwa sababu iko kila kibanda na kila mvuvi anaijua. Ile ni ya injini zinazopoozwa na maji, hazifikii joto la hizi. Dogo wetu alinihakikishia ni ile ile, na mwezi wa pili ringi zikaganda. Tulimcheka mpaka akanunua ringi kwa pesa yake.

Kilomita hizo za mwanzo usiibane mpaka mwisho. Pumzika kila baada ya dakika ishirini.

SURA

Hiki ndicho wengi mlichokuja kukitafuta na kwa kweli ndicho rahisi kuliko vyote. Hendo ni ile ile ya Phoenix, imegeuzwa juu chini. Basi! Inashuka na kurudi nyuma kama zile za viwanja vya mbao. Fimbo za breki za zamani zikishatoka, mbele panabaki safi. Siti ni ya ngozi ya zamani, imelowekwa mafuta. Madigadi tumetoa la mbele, la nyuma limebaki kwa sababu ya matope, na anayesema linaharibu muonekano aje afue shati langu.

Tenki ni la bati jipya, limekunjwa kama bahasha nene likafungwa chini ya bomba la juu kwa mikanda miwili ya ngozi, chini yake kitambaa cha mpira lisisagike. Nasema bati jipya makusudi. Msichukue dumu au kopo lililowahi kuwa na petroli mkalipeleka kwa mchomeleaji, hata likiwa limekauka miezi. Mvuke unabaki, na ukikutana na cheche linalipuka kama bomu. Jaza maji kwanza usiku kucha uone kama linavuja, likaushe vizuri, kisha ndiyo petroli, na uweke chujio kwenye mpira unaokwenda kwenye kabureta.

KARATASI

Ukishafunga injini, usijidanganye kwamba polisi ataiita baiskeli kwa sababu ina pedeli. Inaendeshwa na injini, inahesabika kwenye vyombo vya moto, na huko kuna mambo ya usajili, leseni, bima na kofia ngumu, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Nenda ofisi ya trafiki ya wilaya yako na picha, ukaulize kabla hujatumia pesa. Mimi nilikwenda baada, nikapata somo refu nimesimama.

Na kwa anayetaka usafiri wa kwenda kazini: nunua pikipiki. Hii inapiga kelele, inatoa moshi, na inadai spana kila wiki. Ukijumlisha kila kitu, na hospitali, mimi nimezidi bei ya pikipiki iliyotumika. Hii ni ya mtu anayependa kukaa Jumapili nje ya kibanda cha fundi mikono imejaa grisi.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaja na boksi la injini jipya kabisa na Phoenix ya babu yake, breki za fimbo. Mzee kaizunguka ile injini, kaigonga kwa kidole, kisha kamgeukia mimi badala ya yule kijana, akasubiri niulize mimi. Nimeuliza. Sasa tunatafuta ya Uholanzi nyingine, kwa hiyo mwenye kuiona kwenye mtumba wowote kati ya Tanga na Muheza aandike hapo chini. Na mwenye swali la ufundi vile vile, nitajibu ninayoyaweza, mengine nitampelekea Mzee Jumapili.